Mshono wa Mjomba Zaghlul

Fundi yeyote wa Sabtiyya, mtaa wa karakana za vyuma, hutengeneza kitu ili kitoke kikaonekane. Atakereza gia, ataikabidhi kwa mwenyewe, na kesho akiwa kibarazani na bilauri yake ya chai atalinyoshea kidole lori linalopita: lile linatembea kwa mkono wangu. Inshirah hakujaliwa raha hiyo. Kitu alichokitengeneza yeye, kikishakamilika na kupakwa rangi, kilishushwa shimoni, kikamiminiwa zege, na jicho la mwanadamu halikukiona tena. Wanaume wa mtaa, ambao midomo yao haina breki, walimpa jina la Mzika Vyuma. Yeye aliwajibu kwamba afadhali anayezika vyuma kuliko anayezika siku zake kibarazani, kisha akaendelea na kazi.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mnene wa kiasi, mkono wa kulia umejaa kuliko wa kushoto kwa ajili ya kuzungusha usukani wa mashine ya kukereza. Shule aliiacha darasa la sita. Hesabu aliifanya kwa chaki, ukutani, na ukuta wa karakana yake ulikuwa na tarakimu kuanzia sakafuni hadi pale mkono wake ulipoishia.

Kazi ilikuwa hii. Ukitaka kupitisha daraja juu ya tope la kandokando ya Ziwa Manzala, lazima uchimbe shimo kwenda chini mita sitini, ushushe nondo, umwage zege. Hiyo ndiyo nguzo ya msingi. Sasa nguzo hiyo itabeba au itazama? Hakuna ajuaye mpaka ijaribiwe. Na desturi ya kuijaribu ni kujenga mlima wa matofali ya zege juu yake, mamia kwa mamia, tofali moja zito kama gari dogo. Kati ya mlima na kichwa cha nguzo unaweka jeki, jeki inasukuma, nguzo inateremka kwa unene wa unywele, na mtu anaingia chini ya mlima huo, anachuchumaa, anasoma saa za vipimo, zinazoonyesha nguzo imeteremka kiasi gani. Narudia, mtu anaingia chini. Nani alikaa akaona hiyo ni akili njema, simjui, ila ndivyo wafanyavyo.

Mumewe Mitwalli ndiye aliyekuwa akiingia. Jeki alizitengeneza mwenyewe na hakumwamini mwingine kuzisoma. Miaka kumi na miwili nyuma, njia ya kwenda Dimyati, asubuhi nzuri tu isiyo na upepo, magogo yaliyobeba mlima upande mmoja yalizama topeni kiasi cha kiganja, mlima ukainama, basi. Jeki haikuwa na kosa. Ilipotolewa ilikuwa bado imeshikilia mafuta yake barabara, bila kuvuja tone. Inshirah aliletewa jeki muda wa saa nne kabla ya kuletewa mume.

Eda ilipokwisha aliinua mlango wa karakana kwa mikono yake mwenyewe. Watu walidhani amekuja kuuza mashine. Mwuza achari wa jirani alikwisha leta mnunuzi.

"Pole sana, dada," yule mnunuzi akasema, macho yake kwenye mashine ya kukereza. "Hii inakwenda?"

"Inakwenda," Inshirah akamjibu. "Nawe nenda."

Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama ubavuni mwa Mitwalli, akimshikia, akimpimia, na mwisho akikereza mwenyewe wakati mume yuko kwenye vituo vya ujenzi. Hakuna alilohitaji kujifunza isipokuwa moja. Alikuwa amesikia kwa mhandisi mmoja kwamba ng'ambo kuna jeki za kuzikwa. Unaiweka ndani ya nguzo, chini sana, zege linaifunika, likikomaa unaipelekea mafuta kwa bomba. Jeki inafumbua mdomo huko huko chini, inasukuma sehemu moja ya nguzo juu na nyingine chini, na nguzo inajijaribu yenyewe kwa uzito wake yenyewe. Juu hakuna mlima. Chini ya mlima hakuna mtu.

Alilala na neno hilo na kuamka nalo miaka kumi na moja.

Jeki ya kwanza ilivuja kama ungo. Ya pili pistoni ilikaa upande, ikakwama kama droo ya kabati bovu. Ya tatu, ya nne, ya tano, mpira wa kuzuia mafuta ulitafunwa, mpaka akagundua kwamba kosa si la mpira, ni la ukingo wa chuma aliouacha mkali. Zote alizijaribu uani, kwenye shimo alilolijaza zege, na safari moja ukuta wa mwuza achari ukapasuka na mitungi miwili ikamwagika. Jirani akaja na kilemba chake kimekaa upande.

"Bibi, wewe unajaribu jeki au unajaribu subira yangu?"

"Vyote viwili, na subira yako ndiyo iliyopasuka kwanza."

Alimlipa mitungi. Ya tisa ilishika.

Halafu mwaka ule dola zikatoweka kwenye mabenki kama chumvi ndani ya supu. Jeki za ng'ambo zikakwama bandarini, na daraja la Manzala linasubiri. Ndipo Mhandisi Rifaat, msimamizi wa daraja, mtu mrefu, msafi, anayefuta kiti kabla ya kukikalia, alipoingia karakana ya Sabtiyya. Alitazama hesabu za ukutani, mstari kwa mstari.

"Nakupa nguzo moja, Bi Inshirah," alisema mwishowe. "Ifunguke inavyopasa, hatua kwa hatua, nisome mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa hivyo, nguzo kumi na nne zote za majaribio ni zako, na hakuna tofali litakalokanyaga kituo changu. Isipokuwa hivyo, narudi kwenye matofali siku hiyo hiyo. Usinililie."

"Nilishalia, mhandisi. Yamekwisha."

Nguzo moja, basi. Miaka kumi na moja ilipewa shimo moja.

Sasa nimlete Mjomba Zaghlul, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa fupi na yenye furaha. Alikuwa mjomba wa marehemu, mzee wa miaka sabini na miwili, jicho la kushoto limepikwa na mwanga wa kuchomelea hadi limebaki kama la samaki wa jana. Lakini mkono wake, acha. Mshono wa Zaghlul ungeujua gizani kwa kidole: magamba yamepangana, sawasawa, hakuna shimo wala kovu. Kulikuwa na meli zilizopita Mfereji zikiwa na mishono yake tumboni. Mitwalli alipokufa, yeye ndiye aliyekwenda kumtoa, na tangu siku ile hakupitisha wiki bila kufika karakana, kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kunywa chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na kuikosoa kazi ya mke wa mpwa wake.

"Wewe, binti, unachomelea kama mtu anayenyunyiza chumvi," alizoea kusema.

"Na wewe, mjomba, unachomelea kama mtu anayeogopa Mungu atarudi kukagua."

"Atarudi."

Siku ya kuishusha jeki, Zaghlul ndiye aliyekwenda Manzala kuchomelea mabamba yake kwenye nondo. Inshirah asingemwita mwingine.

Kuna jambo moja lazima ulishike hapa. Jeki ya kuzikwa husafiri na kushuka ikiwa imefumba mdomo, isije ikafunguka njiani. Kwa hiyo bamba la juu na la chini hushikizwa kwa nukta tatu za kuchomelea, kila moja ndogo kama punje ya dengu. Nukta hizo zimewekwa ili zivunjike, hazina kazi nyingine duniani. Mafuta yakianza tu kusukuma, zinakatika, jeki inafumbua mdomo taratibu, na mhandisi anasoma. Inshirah alizitia mwenyewe kule Sabtiyya. Hakumweleza Zaghlul. Kwa nini amweleze? Yeye alikuwa ameishi na nukta zile miaka kumi na moja, na mtu akiishi na jambo kiasi hicho hudhani hata paka wa karakana analijua.

Barabara ya kwenda Manzala ina mashimo. Lori lilipofika, nukta moja ilikuwa imekatika.

Inshirah hakuiona, kwa sababu wakati huo alikuwa upande wa pili wa shimo akigombana na mwendesha kreni, aliyekuwa akitaka kushusha nondo kabla mabomba ya mafuta hayajafungwa vizuri. Ugomvi ulichukua zaidi ya saa moja. Aliporudi alikuta kazi imekwisha. Mabamba yameshikana na nondo, jeki imepakwa rangi ya kijivu upya, mpya kabisa, na juu ya rangi, mahali pale pale pa kukutana mabamba mawili, kuna kiganja chekundu. Zaghlul alikuwa amenunua jogoo njiani, amemchinja, amechovya mkono na kuupiga kwenye chuma, kama tunavyofanya kwa gari jipya na kwa nyumba mpya.

"Nilitaka kondoo," Zaghlul alisema akifuta mkono kwa gazeti, "lakini kondoo wa Manzala wamejua bei ya dola."

Inshirah alicheka, akamtazama mzee. Tangu Mitwalli, hakuna aliyewahi kukitia baraka kitu chake.

Mitwalli alimfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: kitu hakitoki mkononi mwako kabla hujapitisha ukucha kwenye kila kiungo, mzunguko mzima. Macho yanadanganywa, ukucha haudanganywi. Miaka thelathini hakuacha. Siku ile aliunyoosha mkono, kidole kikafika robo tatu ya njia bila kugusa chuma, akakiona kiganja kile bado kibichi, kinang'aa. Akaurudisha mkono. Nani afute damu ya heri kwa ukucha?

"Shusheni," akasema.

Siku ishirini na nane zege lilikomaa. Siku ishirini na nane Inshirah alikula ful ya maharage asubuhi na ful jioni kwa sababu hakuwa na akili ya kupika kingine.

Siku ya ishirini na tisa walikuwa watu wanne kwenye kichwa cha nguzo. Mhandisi Rifaat na daftari lake chini ya mwavuli. Shinuda, mwendesha pampu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye msalaba mdogo uliochanjwa kwenye kifundo cha mkono, aliyekuwa amemaliza kufunga ndoa mwezi uliopita na akitaniwa na kila mtu. Zaghlul kwenye ndoo yake, alisafiri nayo. Na Inshirah amesimama, maana kukaa hakuweza.

"Geji ya mafuta ikifika thelathini, jeki iwe imefunguka," Rifaat alisema. "Polepole."

"Polepole ndiyo kazi yake siku hizi," Zaghlul akamchokoza Shinuda. "Mwulize mkewe."

"Mzee, muda wako umekwisha, umebaki wivu," Shinuda akajibu, akaanza kusukuma mpini.

Kumi. Ishirini. Mshale wa geji ulipanda vizuri, bila kutetemeka. Inshirah alikuwa akitazama saa ya kipimo iliyoegeshwa kwenye kichwa cha nguzo, akisubiri itikisike. Thelathini. Saa haikutikisika. Arobaini.

"Bado," Rifaat alisema.

"Labda bomba lina hewa," Inshirah akasema. Alijua halina hewa. Alilitoa hewa mwenyewe alfajiri.

Hamsini. Sitini. Shinuda alipunguza mkono akamtazama Inshirah. Kitu kiko mita arobaini na tano chini ya miguu yake, ndani ya zege, hakishikiki, hakionekani, hakiulizwi. Kama ni pistoni imekwama, imekwama milele. Alipitisha kiungo baada ya kiungo kichwani: mpira sawa, ukingo sawa, pistoni sawa, bomba sawa. Sabini.

"Nini kinaizuia?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe, lakini alisema kwa sauti.

Zaghlul alimhurumia. Alidhani anaogopa itapasuka. Akainuka kwenye ndoo, akamsogelea, akamwambia taratibu, kama mtu anayemtuliza mgonjwa:

"Usiwe na wasiwasi, binti. Haitaachia hiyo. Nilikuta moja ya zile nukta zako imekatika. Sikusema, nani atakuaibisha mbele ya watu wa kreni? Nikaupiga mshono mzima. Mzunguko wote, mara mbili. Kisha nikapaka rangi. Nilikusitiri."

Shinuda aliuachia mpini. Rifaat alifunga kalamu yake, kifuniko kikalia tik.

Inshirah alimtazama yule mzee. Wengine wangepiga kelele, na kama ni mimi ningelipiga, tena na ndoo ningelimvisha. Yeye aliliona jicho lile moja zima likimtazama kwa upendo, likingoja shukrani, kisha likianza kusita.

"Nimekosea?" Zaghlul aliuliza.

"Zilikuwa za kuvunjika, mjomba."

"Za nini?"

"Za kuvunjika. Zile nukta. Ndiyo maana zilikuwa ndogo."

Ilimchukua muda. Mtu aliyetumia miaka hamsini na mitano kuhakikisha kwamba vitu haviachani, ukamwambia kuna kuchomelea kwa ajili ya kuachana, ni kama kumwambia mkunga kuna watoto wa kurudishwa. Kisha alirudi kwenye ndoo akakaa, akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine.

"Basi," Rifaat alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Naandika kwamba haikufunguka."

"Usiandike hivyo."

"Niandike nini, Bi Inshirah? Imefunguka?"

Inshirah alipiga magoti, akachukua kipande cha chaki mfukoni, akaandika juu ya kichwa cha nguzo. Urefu wa mshono. Unene wa mshono wa Zaghlul, mara mbili. Nguvu ya chuma kile. Tarakimu zilisimama sawasawa.

"Itakatika kwenye mia na sabini. Jeki yangu inabeba mia nne. Niachie niendelee."

"Ikikatika kwenye mia na sabini, huo si mtihani, ni bomu. Udongo utapigwa kofi moja badala ya kukandamizwa. Mwanzo wote wa kusoma umepotea. Haitanifaa kitu."

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

"Ukiandika haikufunguka, maana yake sijui kutengeneza. Ukiandika ilifunguka vibaya, maana yake tulikosea kuishusha. Nguzo nimeikosa, sawa. Usininyime na hilo."

Rifaat alimtazama, akatazama tarakimu, akafanya hesabu mdomoni bila sauti. Ndiyo, mia na sabini. Akavua miwani.

"Kila mtu nyuma ya kamba," alisema. "Bomba la mpira likipasuka linakata mtu kama jibini. Nani atasukuma?"

Shinuda alitazama chini. Ana mke wa mwezi mmoja.

"Nenda, mwanangu," Inshirah alimwambia. "Hiyo pampu nimeitengeneza mimi pia."

Alibaki peke yake. Akashika mpini, akasukuma. Themanini, tisini. Bomba la mpira lilikakamaa kama nyoka aliyekanyagwa. Mia. Mia na ishirini. Mpini ulizidi kuwa mzito hadi akalazimika kuulalia kwa tumbo. Kutoka nyuma ya kamba alimsikia Zaghlul akisoma Ayatul Kursi, sauti imekwaruza, anaomba mshono wake uvunjike. Hajawahi kuomba hivyo maishani. Mia na hamsini. Mshono ule ulikuwa mzuri mno, Mungu wangu, mzuri mno. Mia na sitini na tano.

Mia na sabini na moja.

Haikuwa sauti kubwa. Ardhi ilipiga kama mlango wa chumba cha chini ukifungwa na mtu mwenye hasira. Kichwa cha nguzo kiliruka, milimita tisa, saa ya kipimo ikazunguka ikapita na kurudi. Mshale wa geji ulianguka hadi hamsini, ukasimama.

Ukasimama pale pale. Inshirah alihesabu mia moja, pole pole. Haukushuka. Akasukuma tena, sitini, themanini, mia, na nguzo ikapanda kidogo kidogo, kwa adabu, hatua kwa hatua, kama alivyoota. Huko chini, baada ya kofi lile, mpira wake ulikuwa umeshika, ukingo wake umeshika, pistoni yake inateleza imenyooka. Ilikuwa jeki nzuri. Ilikuwa jeki nzuri kuliko alivyothubutu kusema. Alikaa chini kwenye tope lililokauka, akafunika uso kwa mtandio, na kwa jinsi mabega yalivyokwenda huwezi kusema ni kilio gani.

Rifaat aliandika: *Ilifunguka kwa kishindo, sababu ni kuchomelewa kituoni. Jeki haikuvuja. Mtihani haukubaliki.* Alimpa asome. Kila neno lilikuwa la haki, na haki ile haikumsaidia kitu. Nguzo moja, alisema. Nguzo moja ilikwisha. Wenye daraja walikwisha ngoja miezi minane na hawakutaka kusikia tena habari za kuzika vyuma.

Malori ya matofali yalianza kuingia Jumapili iliyofuata. Siku kumi kreni zilipanga. Mlima ulisimama juu ya nguzo ya pili, wa kijivu, mraba, juu kama nyumba ya ghorofa tatu, umekalia magogo, magogo yamekalia tope.

Na jeki ya kuweka chini ya mlima ule, ile ya kawaida, ya zamani? Iliagizwa Sabtiyya. Nani mwingine anazo? Inshirah angeweza kukataa. Alikaa siku mbili akiitazama, ile ile aliyoletewa siku ya Mitwalli, aliyokuwa ameifunika kwa turubai miaka kumi na miwili. Akaifungua, akabadilisha mipira, akapitisha ukucha mzunguko mzima. Kisha akampigia Rifaat.

"Nani anasoma saa?"

"Shinuda. Ndiye anayejua."

"Shinuda hasomi. Nasoma mimi, ama jeki haitoki."

"Bi Inshirah, kwa umri wako..."

"Mhandisi, mlima hauulizi umri."

Alifika na Zaghlul. Mzee hakuwa amechomelea hata sentimita tangu siku ile. Mikono ameikunja kwapani kama mtu mwenye baridi. Njia nzima hakukosoa kitu, na hilo ndilo lililomwumiza Inshirah kuliko yote. Kwenye kamba Inshirah akavua viatu, kwa kuwa chini ya mlima mtu hutambaa, akampa mzee avishike.

"Usiingie," Zaghlul alisema. "Niache niingie mimi. Nimeshaishi."

"Jicho lako moja litasoma saa za vipimo zote nne?"

"Nitajitahidi."

"Utasema mbili ni nane, mjomba, daraja lianguke, na watu waseme ukoo huu hauna mema." Alimfunga kifungo cha juu cha koti, kilichokuwa wazi. "Mimi nitaita nambari. Wewe nirudishie kila moja, kwa sauti, nijue unanisikia. Usiruke."

Akainama. Shimo la kuingilia lilikuwa na upana wa mlango wa banda la mbuzi. Ndani palinuka zege na maji ya ziwa, na giza lilikuwa na uzito wake. Aliwasha tochi, akaiona jeki ya Mitwalli imesimama katikati, imetulia, na saa nne zikiizunguka. Akachuchumaa mahali ambapo Mitwalli alizoea kuchuchumaa. Juu yake magogo yalilia kidogo, yakanyamaza.

Pampu ikaanza.

"Saa ya kwanza, sifuri na nne," aliita.

Nje, karibu na kamba, mzee aliyekumbatia viatu vya mwanamke akajibu: "Sifuri na nne."

"Ya pili, sifuri na tatu."

"Sifuri na tatu."

"Ya tatu."

Magogo yakalia tena. Kimya.

"Ya tatu nini?" Zaghlul aliita. "Inshirah, ya tatu nini?"

"Ngoja, naifuta vumbi. Sifuri na tano."

"Sifuri na tano," akajibu mzee, na kila mtu kituoni alisikia sauti ile ilivyotoka. Zilibaki saa kumi na mbili za kukaa humo chini siku hiyo, na nguzo kumi na mbili baada ya hii.